Pithagorasi Kwenye Shamba la Maharage

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari mbili, zote kabla ya chai. Njema: kidato cha nne cha shule yetu hakina mwalimu wa hisabati. Yule kijana amehamishwa. (Kwa wanafunzi si habari njema. Naangalia upande wangu.) Mkuu wa shule, Mwalimu Hildegardi, anatafuta mstaafu wa kujitolea mpaka aletwe mwingine. Mbaya: wastaafu wa hisabati hapa kijijini Ruanda tuko wawili.

Wa kwanza ni mimi, Protasi. Nimefundisha aljebra na trigonometri hadi chaki ikaingia kwenye mapafu. Tangu nistaafu hakuna anayeniita Mwalimu. Naitwa Babu Edina. Juzi mtoto kaniita Babu wa Mibuni! Saini, kosaini na tanjenti za maisha yote, halafu najulikana kwa kahawa.

Wa pili ni Cuthbert. Mtu wa Chiwanda, kule ziwani. Amepanda huku mlimani kuishi na binti yake aliyeolewa kwetu. Hufundisha watoto barazani dukani, bure, tena akicheka. Mwalimu wa hisabati anayecheka! Hili halijawahi kuwa jambo zuri.

Jioni, pigo. Edina, mjukuu wangu, yuko hicho hicho kidato cha nne. Anataka kusomea upimaji wa ardhi, na hisabati amepata F. Namfundisha mwenyewe kila jioni. Leo nimemkuta jikoni akimweleza bibi yake pembe kwa kuni mbili, kama miguu ya chanja ya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Na alikuwa sahihi! Nikauliza kajifunzia wapi usipa, naye hajawahi hata kuliona ziwa. Akasema kwa Mzee Cuthbert, barazani. Nikauliza mimi nina kasoro gani. Akasema, Babu, ukianza kueleza huwa hatufiki kwenye swali.

Sijala vizuri. Darasa lile lazima liwe langu. Mtoto wa damu yangu kufaulu kwa usipa wa mtu mwingine, hapana.


Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Nimetunga swali.

Ngazi ya mita tatu imeegemea ukuta. Ncha yake imegusa ukuta mita tano kutoka chini. Tafuta pembe kati ya ngazi na ardhi.

Uzuri wake ni huu. Saini ya pembe ni urefu wa ukuta ulioguswa, gawanya kwa ngazi. Yaani tano kwa tatu. Lakini saini haizidi moja, kwa sababu katika pembetatu yenye pembe mraba hakuna upande unaoushinda ule mrefu. Kikokotoo kitagoma. Cuthbert atabonyeza, atafuta, atabonyeza tena, jasho litamtoka mbele ya watoto, na habari itafika kwa Mwalimu Hildegardi kabla ya ugali wa jioni.

Nimemwandikia Edina swali kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nimemwambia alipeleke barazani kesho, kwa heshima.

Mama Lidia (ndiye Otilia, mke wangu) ameuliza lini nitapanga majani ya ngolo shambani, maana akina mama wa ngokela, wale wanaolimiana kwa zamu, wanakuja kulima. Nimesema baadaye. Akaendelea kusema kitu kuhusu siku. Nilikuwa nafikiria ngazi.


Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Asubuhi, misa. Nimepakwa majivu na kuweka nadhiri ya Kwaresima: naacha sukari kwenye chai, na naacha wivu. Nimejisikia mwepesi sana.

Mchana nikapita dukani. Si kwa wivu. Nilihitaji kiberiti.

Cuthbert alikuwa barazani, naye ana majivu yake usoni, maana Waanglikana nao wanaanza leo. Edina akampa karatasi. Cuthbert akaisoma. Hakugusa kikokotoo! Alicheka hadi akashika nguzo. Akawaambia watoto kwamba aliyetunga swali hili asaidiwe haraka: ama ngazi ndefu zaidi, ama ukuta mfupi, ama fundi mwenye macho. Watoto wakaangua kicheko. Kisha akauliza kwa nini saini haiwezi kuzidi moja, na msichana mmoja akajibu barabara. Msichana mwenyewe ni Edina.

Na nani alikuwa ananunua chumvi dukani? Mwalimu Hildegardi. Akaichukua karatasi. Niliufundisha mkono ule ule kuandika x. Hauwezi kusahau mwandiko wangu. Akanipigia magoti kidogo, Shikamoo Mwalimu, akaniuliza kwa upole kama siku hizi macho yananisumbua.

Hapo nilikwama. Nikisema ni kosa, mimi ni mzee aliyesahau saini. Nikisema nilikusudia, mimi ni mzee mwenye roho mbaya, na majivu bado mabichi usoni. Nikasema macho, kidogo, hasa mchana.

Cuthbert akanifuata njiani. Akaniambia nisijali, mtani wangu, huko mlimani kwenu hata mbuzi ana mguu mmoja mrefu, itakuwaje ukuta usimame sawa? Nikamjibu kwamba kwao ziwani kila kitu ni bapa, hata akili. Akacheka tena. Hana adabu ya kukasirika.

Chai bila sukari ni adhabu.


Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Hildegardi ametoa utaratibu. Kila mmoja wetu atafundisha kipindi kimoja cha majaribio, mada ni kanuni ya Pithagorasi, ambayo watoto wameikariri tangu kidato cha pili bila kuielewa. Mimi kesho Ijumaa mchana. Cuthbert Jumanne. Uamuzi Jumatano ijayo. Aliniambia taratibu kwamba anayehitajika ni yule atakayewafanya waone. Waone! Nilimpa C huyu, mwaka ule. Sasa naona C yangu imerudi kunitafuta.

Cuthbert ana chanja. Mimi nina nini? Nilitembea hadi shambani kwa Mama Lidia kufikiri, na jibu lilikuwa limelala pale pale chini. Majani!

Naeleza, ingawa hapa hakuna wa kuelezwa, kueleza kunanituliza. Kwetu Wamatengo mwanamume hukata majani na kuyapanga mistari juu ya mteremko, ya kulala na ya kusimama, ikatokea miraba. Kisha wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Linabaki shimo katikati na tuta pande zote. Mvua inatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo hadi bondeni. Juu ya matuta hupandwa maharage. Ndiyo ngolo. Majani ni ya mwanamume, jembe ni la mwanamke. Mwanamke haulizi kwa nini mstari umepita hapa. Anachimba majani yalipo.

Sasa. Kwa nini nipange viraba vidogo vidogo, wakati naweza kupanga kanuni yenyewe? Pembetatu kubwa katikati ya shamba, na kila upande wake ukabeba mraba wake! Darasa lisimame juu, kwenye mibuni, litazame chini, lione. Akina mama wanakuja Jumamosi. Jumamosi asubuhi nitakuwa nimeshayapanga upya.

Nimechukua kamba ya Mama Lidia ya kuanikia nguo. (Nguo nimeziweka kwenye nyasi, kwa uangalifu.) Nikafunga mafundo kumi na mawili, nafasi kati ya fundo na fundo upana wa ngolo moja ya kawaida. Tatu upande mmoja, nne upande wa pili, tano upande mrefu: hapo pembe mraba inajitengeneza yenyewe, hata kwenye mteremko wetu. Nikapanga majani hadi jua linazama. Mraba wa upande wa tano umelala mshazari kama meza iliyosukumwa na mlevi, lakini ni kamili! Nimelia kidogo. Mgongo pia.

Mama Lidia aliuliza kama majani yako tayari. Nikasema yako tayari kuliko wakati wowote.


Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja.

Asubuhi nilipiga viatu rangi na kukata duara la boksi la sabuni kwa ajili ya kuonyesha pembe. Nikasikia nyimbo za akina mama zikipanda kutoka bondeni. Nikafikiri, wimbo mzuri, wanalima kwa nani leo?

Wanalima kwetu. Ngokela imehamishwa kutoka Jumamosi kwa sababu kesho ni Siku ya Wanawake na wote wanakwenda kwenye sherehe ofisi ya kata. Mama Lidia aliniambia Jumanne. Hiyo ndiyo siku niliyokuwa kwenye ngazi.

Mama Lidia mwenyewe alikuwa nyumbani akiwapikia, kwa hiyo hakuona. Walioona ni kikundi kizima, wakiongozwa na Mama Kunigunda. Nimemuuliza baadaye, kwa nini hamkushtuka? Akasema walishtuka. Walikaa chini, wakacheka hadi wakachoka, kisha wakasema majani ni ya Mwalimu, na kila mwaka mabwana shamba wanaleta utaalamu mpya, huenda huu ni wa mwaka huu. Wakachimba majani yalipo. Matuta makubwa kama ya barabara. Mashimo matatu ambamo ng'ombe anaweza kulala na jamaa zake.

Sikujua lolote. Nikafika saa nane na kidato cha nne chote nyuma yangu, na Mwalimu Hildegardi, na bila kualikwa, Cuthbert. Tukatokea kwenye mibuni. Mtoto mmoja akauliza kama tunajengewa uwanja wa mpira.

Mwalimu mzuri hasimami. Nikaanza. Nikaeleza Pithagorasi alikuwa nani, na kwa nini wafuasi wake hawakula maharage. (Watoto waliona hilo ni la kuchekesha, tukiwa shambani kwa maharage.) Nikaeleza pembe mraba. Nikaeleza kwa nini huitwa mraba. Nikapanda juu ya tuta la upande mrefu ili nionekane. Nikasema, na sasa tazameni vizuri, upande huu ndio unaobeba mraba mkubwa kuliko yote, nikarudi nyuma hatua moja kuuonyesha.

Nikaanguka ndani yake.

Cuthbert alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Akasema mraba mkubwa kweli, mtani, nimeuona ukikumeza. Kengele ikalia kule shuleni. Nilikuwa bado sijafika kwenye kanuni.

Usiku huu mvua. Nasikia inavyoanguka. Naomba isiwe kubwa.


Jumamosi, 8 Machi

Ilikuwa kubwa.

Mraba wa upande wa tano umegeuka bwawa kwenye kona ya chini. Bata wa jirani yetu Bernadi wako ndani. Waendesha bodaboda wamesimama barabarani wakipiga picha. Cuthbert alipita, akaniuliza kwa heshima kama alete mbegu ya samaki kutoka ziwani, maana mbasa angeona joto, lakini magege, yule perege wao, angezoea.

Mama Lidia hakupiga kelele. Hilo ndilo la kutisha. Alivaa kitenge cha sherehe, akafunga kilemba, akasema, Baba Lidia, nikirudi nataka kuona majani ndani ya mashimo yako, yamepangwa kama baba yako alivyopanga na babu yako alivyopanga, maana maharage ya nyumba hii hayaoti kwenye nadharia. Akaenda kuimba.

Nikatoboa tuta, nikayatoa maji, nikawatoa bata. Nikakata majani mapya. Nikapanga kutwa nzima ndani ya kila mraba mkubwa, viraba vya kawaida, mistari ya kulala, mistari ya kusimama, nikiwaza tu jinsi Cuthbert alivyonipa mkono. Mbele ya watu! Mkono wa msaada mbele ya watu ni kofi. Sikuangalia ninachopanga. Mikono ilijua yenyewe.

Kutoka kata nilisikia vigelegele. Nadhani walikuwa wanasimuliwa habari zangu.


Jumapili, 9 Machi

Misa. Mahubiri kuhusu vishawishi. Nilijisikia kutazamwa.

Nimetafakari na kukubali kwamba nadhiri ya wivu ilivunjika Jumatano saa saba mchana, siku ile ile. Nimeianza upya leo. Mpango wa kumchelewesha Cuthbert asifike kwenye kipindi chake, kwa mfano kwa kumwalika chai ndefu, si wivu. Ni ukarimu.


Jumatatu, 10 Machi

Akina mama wamerudi, wamechimba. Mama Kunigunda aliniuliza kama kuna kitu kingine cha kitaalamu, wasubiri kidogo. Nikasema hakuna. Wakaondoka wakiimba wimbo mpya. Jina langu limo. Linarudiwa kwenye kiitikio.

Nimemwalika Cuthbert chai kesho saa saba na nusu. Kipindi chake ni saa nane.


Jumanne, 11 Machi

Alikuja saa saba. Alikunywa upesi, akasifu kahawa ya mlimani, akasema inakaribia ile ya dukani, akaondoka mapema kuliko ambavyo angeondoka bila kualikwa. Nikabaki na kikombe.

Sikwenda shuleni. Nina heshima zangu. Nilikwenda tu kukagua mibuni upande wa juu wa shamba, na nikainama kwa sababu mibuni ni mifupi.

Basi wakaja. Darasa zima, Mwalimu Hildegardi na Cuthbert. Hana chanja, hana ubao. Aliwaambia watoto wamekuja tu kuona bwawa la Mwalimu Protasi kabla halijasahaulika. Wakacheka. Halafu akatazama shamba. Akatazama muda mrefu, mkono kidevuni, na mimi mgongo ulikuwa unaniua.

Akawauliza swali moja tu. Ngolo ni ngapi kwenye mraba mdogo?

Wakahesabu kwa sauti. Tisa. Kwenye ule wa kati? Kumi na sita. Akasema, msiuhesabu mkubwa. Nani ataniambia ziko ngapi bila kuhesabu? Nikajua mimi! Nilitaka kupiga kelele kutoka kwenye mibuni! Tisa na kumi na sita! Nilikuwa nimezipanga mwenyewe, moja moja, tatu mara tatu, nne mara nne, na mshazari ule tano mara tano, kutwa nzima, na sikuona kitu isipokuwa mkono wa Cuthbert!

Edina akasema, ishirini na tano. Kwa sauti ndogo. Kisha akakimbia juu ya matuta, kama tunavyokimbia sisi, bila kukanyaga shimo hata moja, akahesabu, akageuka na kupiga kelele kwamba ni ishirini na tano kweli! Halafu akasema jambo ambalo sikumfundisha na Cuthbert hakumfundisha: kwamba kumbe mraba wa upande ni shamba, si tarakimu ndogo inayoning'inia juu ya herufi. Wenzake wakashuka wote kuhesabu. Mmoja akasema, mbona hawakutuambia tangu kidato cha pili? Mwalimu Hildegardi alivua viatu akashuka naye. Nilimwona akihesabu kwa kidole.

Kisha Cuthbert akasema kitu kibaya kuliko vyote. Akawaambia kwamba shamba hili si ajali. Kwamba Mwalimu Protasi alilipanga hivi tangu mwanzo, akakubali hata kuanguka na kuchekwa, ili siku ya mwisho waone wenyewe. Kwamba walimu wa namna hiyo hawapo tena. Akawaambia wapige makofi.

Wakapiga. Kuelekea shamba. Mimi niko nyuma yao, nimechuchumaa, mchwa wananipanda mguuni. Nikitoka, nitasema nilikuwa nafanya nini huko? Nikakaa hadi wote wameondoka. Makofi yangu ya kwanza tangu nistaafu, na nimeyapokea nikiwa nimejificha.

Usiku Edina alikuja na maswali ya ngazi. Akayafanya mwenyewe, matano, mezani, nami nikiwa nimenyamaza. Nilinyamaza kweli! Ilikuwa ngumu kuliko chai bila sukari. La mwisho alikosea jedwali, akajishtukia, akarekebisha. Akaniambia, asante Babu, kwa shamba. Nikasema haikuwa kitu. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimesema ukweli.


Jumatano, 12 Machi

Darasa amepewa Cuthbert.

Mwalimu Hildegardi alikuja mwenyewe kunieleza. Shikamoo Mwalimu, na goti kidogo. Akasema shule nzima inanishukuru. Akasema Mwalimu Cuthbert ametoa sharti moja: hatafundisha bila mimi. Nitakuwa mtengenezaji wa vielelezo. Kila mada, Cuthbert anaeleza, mimi napanga majani. Tena alinitajia jina la cheo kwa sauti kubwa ili Mama Lidia asikie kutoka jikoni. Mama Lidia akasikia. Akauliza kutoka huko, shambani kwa nani?

Nimemwomba siku mbili za kufikiri. Cheo si kibaya. Njiani mtoto ameniita Mwalimu wa Ngolo. Lina neno Mwalimu ndani, siwezi kukataa.


Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiri. Usiku kucha, kwa utulivu, bila wivu.

Kwa nini Cuthbert anisifu? Mtu hasifu bure. Kwa nini anitake karibu? Ili anizibe. Ni hila! Tena hila ya upole, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Sitakuwa mpanga majani wa mtu wa Chiwanda. Nitafungua darasa langu, Jumamosi ya wiki ijayo, kwa kidato cha tatu na cha nne, na nitaanza pale ambapo yeye hajafika: mchoro wa saini. Ule mstari unaopanda na kushuka kama mgongo wa nyoka, juu hadi moja, chini hadi hasi moja, bila kuvuka. Ukiuona mara moja kwa ukubwa unaostahili, huwezi kuusahau tena. Wala huwezi kutunga ngazi fupi kuliko ukuta.

Shamba la Mama Lidia halipo tena kwenye mjadala; nilikohoa tu karibu na kamba ya nguo, akaifungua akaingia nayo ndani. Lakini Bernadi ana mteremko mzuri sana, mpana, ng'ambo ya kijito, na mwaka huu mgongo unamsumbua. Nimemwambia majani yake nitampangia mimi, bila malipo, kama jirani. Alishukuru karibu kulia. Hajauliza mistari itakuwa ya namna gani.

Akina mama wa ngokela wanakwenda kwake siku fulani wiki ijayo. Ametaja siku yenyewe. Nilikuwa nafikiria mawimbi.

Chai leo nimetia sukari, vijiko viwili. Kwaresima bado ndefu. Nitaanza upya kesho.